Kitufe cha Kusomea

Nusu saa, shilingi mia tano.
Mlango ni pazia la gunia, jenereta nje inakohoa,
na Giramia, mtoto wa kaka yangu,
ananikalisha juu ya kreti tupu la soda:
"Shangazi, leo nakupeleka Iskandaria."

Na kweli tukaenda.
Kwa kidole gumba tu tukavuka mji wa mawe meupe,
watu wakitupisha bila kututazama,
punda mmoja akipenya ukuta
kana kwamba ukuta ni umande.
"Hilo ni kosa la mashine," akasema kwa aibu,
kama mwenye nyumba ambaye mgeni wake ameona panya.

Kisha ngazi. Kisha nguzo. Kisha rafu,
rafu hadi darini,
na magombo yamelala juu yake kama angara
kwenye vichanja vya soko la Pakwach.
Magombo ya mafunjo, mafunjo yaleyale
tunayoyakata chini ya daraja kusukia mikeka.
Mwanga uliingia kwa mshazari, vumbi likielea ndani yake.
Aliyelichora vumbi lile analijua vumbi. Nampa haki yake.

Nilishika ufunguo wa maktaba ya shule miaka tisa.
Vitabu mia tatu na kumi na viwili,
nikivihesabu kila Ijumaa, si kwamba vingezaliana.
Atlasi iliyong'olewa bahari.
Kamusi iliyoanzia herufi D.
Ukaja mwaka wa kukimbia,
na niliporudi rafu zilikwisha kuwa kuni,
na sokoni mama mmoja akanipimia karanga
ndani ya ukurasa wa themanini na nane,
mhuri wangu wa zambarau pembeni.
Nikanunua karanga zote.
Nikazila wiki nzima, hadi tumbo likanisuta.
Nilipata kurasa kumi na nne.
Hakuna mbili zilizofuatana.

"Sogea kwenye rafu ile," nikamwambia.
Akasogea.
"Chukua moja."

"Shangazi, hapa unaweza kupanda ukuta.
Unaweza kujirusha toka paani ukaangukia majani makavu.
Unaweza kumchoma mlinzi kisu, ona, hata hapigi kelele.
Unaweza kuwasha mwenge."
"Na kusoma?"
Akabonyeza mraba. Akabonyeza pembetatu.
Mtu wetu akaruka, akachuchumaa, akachomoa upanga
mbele ya elimu yote ya dunia,
akabaki amesimama hivyo, akihema.
"Kitufe hicho hakipo."

Nikainama hadi pua ikakaribia kioo.
Gombo la kwanza lilikuwa na doa, umbo la figo.
La pili lilikuwa nalo. La tatu. La kumi.
Rafu nzima, ukumbi mzima, doa lilelile:
walichora gombo moja tu
wakalizidisha.

Sikucheka. Mwenye jengo la kifalme alikuwa na gombo moja,
nami kwenye bati la biskuti, chini ya kitanda,
nina kumi na nne.

Jenereta ikakata kauli, Iskandaria ikazimika
bila moto, bila jeshi, kwa kukosa petroli.
Mwenye kibanda akaturudishia mia mbili.

Tulipofika darajani gugumaji lilikuwa likiteremka,
visiwa vidogo vya kijani vikielekea kaskazini,
kulekule, bila tiketi.
Giramia alikuwa kimya, jambo ambalo si tabia yake.
"Ule ukurasa wa karanga," akauliza, "ulisemaje?"
"Namna ya kutibu mbuzi minyoo."
"Mwisho wake?"
"Unaishia katikati. *Kisha mnyweshe mara moja kwa* — basi."

Akatembea hatua kadhaa.
"Kwa siku?"
"Huenda."
"Kwa mwezi?"
Lori la mihogo likapita, daraja likatetemeka chini yetu.
"Kwa mwaka? Shangazi, kwa mwaka?"